Pon Tatu na Mlango wa Mama

Mlango wa lupango letu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, hapa Katuba, Lubumbashi, una upana wa sentimita 152. Marehemu Baba aliujenga kwa mkono wake, nguzo mbili nene za matofali ya kuchoma, kwa kipimo cha baiskeli na mkokoteni, maana habari za gari hazikuwa kichwani mwake. Mwaka 2019 nilimwomba Mama ruhusa ya kubomoa nguzo moja ili gari nililotaka kulitengeneza lipate pa kutokea. Hakuinua hata macho kwenye kinu cha sombe, majani ya muhogo. "Mlango haubomolewi," alisema. "Tengeneza gari la kupita mlangoni."

Vipimo vyote vya gari langu vilitoka kwenye sentensi ile. Upana wote sentimita 130, ili kila upande wa mlango ibaki nafasi ya sentimita 11. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Chasi ya mabomba ya mraba niliyochomelea mwenyewe jioni baada ya kazi. Injini ni 5K, sentimita za ujazo 1,486, iliyotoka kwenye LiteAce iliyogongwa mbavuni, pamoja na giaboksi yake ya vitesi 5. Matairi nilichagua ya 165. Ukipiga hesabu, toka katikati ya tairi la kushoto la nyuma hadi katikati ya lile la kulia nilibakiwa na milimita 1,100. Gari la kawaida la mjini lina kama 1,450. Hapo ndipo pon iliponiingiza kwenye taabu ya miaka miwili.

Niseme jina kwanza. Mafundi wa Lubumbashi wanaiita pon, kwa Kifaransa chetu cha garaji. Wenzetu wa Dar es Salaam wanaiita difu. Ni kile chungu cha chuma kinachopokea mzunguko wa shafti kutoka mbele, kikaugeuza kwenda kwenye magurudumu mawili, na kuyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti gari linapokata kona. Kwenye LiteAce chungu hicho kiko ndani ya bomba moja gumu linalobeba magurudumu yote mawili. Kwenye magari mengine kimefungwa kwenye chasi, hakichezi, na kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake kwa kardani yake, fimbo ya chuma inayolipelekea mzunguko. Mimi nilitaka hii ya pili.

Jirani yangu, fundi kuliko mimi, alinicheka. "Yaya, kata ile pon ya LiteAce, ipunguze pande zote mbili, uchomelee, wiki mbili umemaliza." Alikuwa na haki, na hadi leo nikimwona najua alikuwa na haki kwenye suala la wiki mbili. Lakini ile pon ngumu, pamoja na ngoma zake za breki, tulishindwa kuinua watu wawili, na gari langu zima lilikusudiwa kuwa na kilo 600. Uzito ule wote ungekuwa unarukaruka chini ya springi kila shimo, na nani asiyejua mashimo ya Katuba baada ya mvua za Januari? Gari jepesi lenye pon nzito hurusha mgongo wa abiria. Abiria wangu wa kwanza alitakiwa kuwa Mama.

Pon ya kwanza niliinunua kwa wauza vipuri vya kukatwa kule Kenya, komini yetu, si nchi ile ya Nairobi. Ilitoka kwenye gari la Kijerumani la silinda 6. Nilichukua mita yangu nikapima tumbo lake: sentimita 30 na kidogo. Nyembamba! Nikalipa dola 150, nikaibeba begani hadi kwenye teksi nikiwa nimejaa furaha ya mtu aliyewashinda wenzake.

Nyumbani nilichora nyuma ya gari lote kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, kwa ukubwa wake halisi. Ushauri wangu kwa yeyote: chora kwenye sakafu, si kwenye karatasi, maana karatasi inasamehe. Ndipo nikaona nilichopima si kitu. Tumbo la pon halizunguki. Kinachohusika ni kitovu cha kiungo cha ndani cha kushoto hadi kitovu cha kile cha kulia, mahali ambapo kardani inajipinda. Kwenye ile ya Kijerumani viungo vinafungwa kwa bolti upande wa nje wa flanji, ile sahani ya chuma yenye matundu ya bolti, na vyenyewe ni vinene kama mkate. Kitovu hadi kitovu nilipata milimita 480.

Upande wa magurudumu nako hesabu inakula. Milimita 1,100 si urefu wa kupangia kardani. Kiungo cha nje kimejificha ndani ya habu, kichwa cha gurudumu, kwa hiyo kitovu hadi kitovu cha viungo vya nje kwangu ilikuwa 990. Toa 480, gawa kwa 2: kila kardani milimita 255. Ni kama rula ya mwanafunzi isiyotimia.

Urefu peke yake si tatizo, tatizo ni pembe. Nilitaka gurudumu lipande milimita 80 na lishuke 80. Kwa kardani ya 255 hiyo ni nyuzi 17, inavumilika. Lakini pon yangu haikukaa usawa na habu. Ili shafti ipite chini ya kiti cha nyuma na chasi isilale chini mno, ilibidi ikae milimita 60 juu. Gurudumu likining'inia, tofauti inakuwa 140, na pembe inafika nyuzi 29. Kiungo cha nje kinaweza kujipinda zaidi ya hapo, ndicho kazi yake. Kiungo cha ndani, kile kinachoteleza ili kardani irefuke na kufupika, huanza kulalamika kikipita 20 na kidogo: kinatetemeka, kinachemka, kinapasua mpira wake na kutapika grisi. Nilikaa chini kwenye baraza nikaitazama ile pon. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa ya gari jingine.

Muuzaji hakutaka kuirudisha. "Shefu, chuma kikishatoka mlangoni ni chako." Sikumlaumu sana, nilijitakia.

Kipindi kile usiku nilisoma kila nilichoweza kuhusu watu wanaojenga magari yao wenyewe. Wengi wa Marekani na Uingereza walikuwa wanasifu pon ya Jaguar, ile iliyoanza na E-Type mwaka 1961, ambayo breki zake zimekaa katikati, ubavuni mwa pon, na kardani yenyewe ndiyo mkono wa juu wa kubeba gurudumu. Ni nzuri kutazama. Ni nzito pia, na Lubumbashi ningeisubiri mpaka Mama apate wajukuu wa wajukuu. Nilipata faida zaidi nilipokutana na familia ya pon za Kijapani zinazoitwa R160, R180 na R200. Namba ile ni kipenyo cha kurone kwa milimita, ule mkate wenye meno ulio ndani. R160 ilikuwa chini ya Datsun 510, gari dogo la mwaka 1967, na baadaye Subaru wakaitia kwenye Legacy, Impreza na Forester. R180 ilikwenda kwenye Datsun 240Z, na pia kwenye Impreza zile kali za STI. Kurone ikikua, nguvu inaongezeka, na uzito nao. Injini yangu ya LiteAce haihitaji kurone ya milimita 200, sawa na punda asiyehitaji reli.

Lakini Subaru hapa kwetu si nyingi, na RAV4 zimejaa kila kona. RAV4 ya zamani ya magurudumu manne ina pon ndogo nyuma, imefungwa kwenye chasi, kardani mbili, kila kitu nilichotaka. Safari hii nilipima kitovu hadi kitovu kabla ya kutoa pesa, mbele ya muuzaji aliyedhani nina wazimu. Vipimo vilikubali. Dola 120. Nikasahau kuhesabu mizunguko.

Kuhesabu hakuhitaji kufungua chochote. Unaiweka pon juu ya matofali mawili, unatia alama ya chaki kwenye flanji ya mbele, nyingine kwenye mdomo wa kulia, pale kardani inapoingia. Mdomo wa kushoto unaushika usizunguke, au umpe mtoto aushike kwa ufunguo. Kisha unazungusha mdomo wa kulia mara mbili kamili, polepole, huku unahesabu flanji ya mbele imezunguka mara ngapi. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu upande mmoja ukisimama, ule mwingine unakwenda mara mbili ya kurone. Mizunguko unayoipata mbele ndiyo uwiano wa pon. Mdogo wangu alishika kushoto, mimi nikazungusha. Chaki ikapita mara moja, mara mbili, na kabla haijafika ya tatu mdomo wa kulia ulikuwa umemaliza. Chini ya 3.

Nikarudia, nikidhani nimekosea. Chini ya 3.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. RAV4 injini yake imelala upande, na ule mgawanyo wa mbele huizungusha shafti ya nyuma kwa kasi kuliko kurone ya mbele. Pon ya nyuma inapunguza kilichobaki tu. Ukiichukua ukaifunga nyuma ya giaboksi ya LiteAce unabaki na gari la kukimbia barabara kuu na kushindwa kuondoka kwenye tope. Nilipiga hesabu kwa matairi yangu yenye mzingo wa mita 1.80: vitesi ya nne, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kilomita 110 kwa saa. Kwenye vitesi ya kwanza, injini ikiwa inapumua tu mizunguko 1,000, gari tayari linataka kwenda karibu 10. Katuba huendi 10 kati ya dimbwi na dimbwi. Unateleza klachi, na klachi inalipa.

Hata hivyo nilikuwa na bahati. Kuna magari mengine ya aina hiyo ambayo mbele ya pon yamewekewa klachi ya sumaku inayosubiri amri ya kompyuta. Bila kompyuta ile hakuna kinachofika nyuma; ungekaa kwenye gari, injini inalia, gari linakutazama.

Pon ya tatu ililetwa na dereva wa lori anayepita Kasumbalesa kila wiki. Alinipigia simu akiwa Chingola, upande wa Zambia: ameona Subaru Forester imekatwa. Nikamwambia asinitajie bei kwanza, achukue chaki. Alikuwa na uvumilivu wa watu waliozoea foleni ya mpakani. Alihesabu mizunguko 4 na kitu. "Kitu gani?" "Kitu kidogo, bwana, kama kidole." Hapo nikatabasamu. Ilipofika nilifungua kifuniko cha nyuma nikahesabu meno mwenyewe: kurone 37, na pinyo, ile gia ndogo inayoizungusha, 9. Uwiano 4.11. Kwa hesabu ile ile ya vitesi ya nne, kilomita 79 kwa saa, na kwenye tope inaondoka kama mbuzi. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi lakini hayakung'aa. Mafuta yakimeremeta kama rangi ya kucha ujue beringi inajila yenyewe. Kitovu hadi kitovu nilipata 340 kwa mita yangu. Kardani ya milimita 325, na nilipoishusha pon kidogo baada ya kuhamisha kiti, pembe mbaya kuliko zote ikawa nyuzi 20.

Kulikuwa na jambo moja dogo: pua ya pon na mkia wa giaboksi havikulingana, vilikosana kwa sentimita chache upande wa kulia. Kijana mmoja akasema, igeuze pon juu chini, pua itahamia upande wa pili. Ni kweli, itahamia. Na gari litakuwa na vitesi 5 za kurudi nyuma na 1 ya kwenda mbele. Nilimwonyesha kwa chaki ile ile, akanyamaza, kisha tukacheka wote. Shafti ina viungo vyake, sentimita chache inazimudu.

Kardani ndizo zilinipeleka kwa Papa Turneri. Ndivyo tunavyomwita wote. Alikereza vyuma kwenye warsha ya mgodini miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa ana mashine yake nyuma ya nyumba. Kardani za Forester zilikuwa ndefu mno kwa gari langu, nami nilikuwa nimeshazitia alama ya kukata katikati na kuchomelea. Nilimpelekea akanisaidie kuzinyoosha tu.

Hakusema kitu. Alichukua tupa akaipitisha juu ya kardani. Tupa iliteleza kama juu ya kioo, haikuacha hata mkwaruzo. Kisha akachukua kipande kingine cha kardani iliyovunjika, akaikwaruza kwenye sehemu iliyokatika, katikati kabisa. Tupa ikauma, vumbi la chuma likaanguka kwenye kiganja chake.

"Umeona, mwanangu? Hii imepikwa ngozi tu. Ndani imebaki laini ili isivunjike. Ukiichomelea, pale ulipochoma ngozi inakufa. Siku moja unampeleka mama yako sokoni, inakatika."

"Sasa nifanye nini, Papa?"

"Unatafuta 42CD4, tunakereza mpya."

42CD4 ni chuma chenye kromu na molibdeni, watu wa migodi wanakijua kwa jina hilo la Kifaransa. Kwingine kinaandikwa 42CrMo4. Alikereza mbili, akakata meno ya kuingilia kwenye viungo moja moja, kwa kichwa cha kugawia, kazi ya siku nne. Kila jino alilijaribu kwa kiungo chenyewe, si kwa kipimo cha macho. Kisha zikaenda kupikwa. Zilinigharimu kuliko pon zote tatu kwa pamoja, na sijawahi kutoa pesa kwa moyo mweupe namna ile.

Ungedhani hapo nimefika. Nilikuwa nimebakiza ujinga mmoja.

Pon iliyofungwa kwenye chasi inataka kujipindua. Unapoondoka, magurudumu yanasukuma ardhi, na pon nayo inasukumwa kinyume, pua inainuka. R160 ina bolti mbili nene kwenye kifuniko cha nyuma, hizo nilizifunga vizuri. Pua niliishika kwa bamba la milimita 3, nikiona inatosha kwa sababu pon imekaa kimya pale, haifanyi kitu. Mwezi wa pili wa kuendesha, barabara ya Kasapa, mdogo wangu kiti cha nyuma, natoka kwenye shimo kwa vitesi ya kwanza: mlio mmoja, kisha shafti ikaanza kugonga chini ya kiti chake. Alipiga kelele hadi wanafunzi wa chuo wakasimama.

Usiku ule ndipo nikapiga hesabu niliyotakiwa kuipiga mwanzo. Injini inatoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 115, yaani nyutoni-mita. Vitesi ya kwanza inazidisha kwa karibu 3.8, pon inazidisha kwa 4.11, jumla kama Nm 1,800. Kati ya bolti za nyuma na pua kulikuwa na milimita 350. Gawa, unapata nguvu ya zaidi ya kilo 500 inayoinua pua kila ninapoondoka kwa pupa. Mifuko 10 ya simenti, imening'inia kwenye bamba la milimita 3. Bamba lilipasuka ubavuni mwa weldi, si kwenye weldi yenyewe. Angalau hapo sikuaibika. Sasa kuna bamba la milimita 6 lenye mbavu mbili, mpira mpana na bolti mbili za 12.

Mafuta, kwa haraka: lita 0.8 ya mafuta ya gia, 80W-90, GL-5. Mimi pua niliiinua kidogo kuliko ilivyokaa kwenye Subaru, kwa hiyo tundu la kujazia halisemi kweli. Napima kwa chupa. Na kile kitundu cha kupumulia juu ya pon, vumbi letu jekundu linakiziba. Kikizibwa, joto linasukuma mafuta nje kupitia sili na unaanza kulaumu sili isiyo na kosa. Nilikivutia mpira mwembamba hadi nyuma ya kiti.

Gari linatoka mlangoni Jumapili kwa Jumapili. Mama hukaa kiti cha nyuma, pochi mapajani, na kila tukipita kwenye nguzo ananyoosha kiganja kama anayesalimia, kupima nafasi. Ile ya RAV4 niliiuza kwa hasara. Ya Kijerumani hakuna aliyeitaka. Mlango wa Baba una tabia ya kujifunga upepo ukivuma, na siku moja, natoa gari kinyumenyume, nikakuta Mama ameiviringisha ile pon hadi kwenye bawaba, imeegemea bati, mlango umetulia wazi. Iko pale hadi leo.